Mlango wa Namba Saba

Silas Ormerod alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya mnara, macho wazi, anatazama juu kule alikodondoka. Futi sitini. Kofia yake ilikuwa imeviringika hadi ukutani. Pale mlangoni kulikuwa na mpira wa maji, mbichi bado, umeachwa vilevile ulivyowaponyoka mikononi wale waliokuja kuutundika.

Inspekta Enoch Lumb alivua kofia yake. Akasimama hivyo kidogo. Ndipo akachuchumaa.

"Nani kamkuta?"

"Vijana wangu," alisema Bwana Hebden, Mkuu wa kituo cha zimamoto, jitu la ndevu nyeupe, uso wote masizi. "Tumerudi kutoka kwenye moto saa tano na dakika ishirini. Wakaja kutundika mipira ikauke, wakamkuta."

"Alikuwa nani hapa kituoni?"

"Naibu wangu. Kengele ililia saa nne na dakika kumi, hakutokea. Na sisi hatusubiri mtu, Inspekta. Sekunde ishirini tu, farasi wako barabarani. Njia nzima nilikuwa namtukana moyoni. Mungu anisamehe."

"Mnarani alifuata nini?"

"Kila Jumatatu anapanda kukagua mipira ya wiki iliyopita. Saa nne kasorobo. Ungeweza kurekebishia saa yako."

Sajini Varley alikuwa ameshapanda na kushuka, anahema. "Kateleza, afande. Kule juu kuna jukwaa la mbao, katikati lina tundu la kushushia mipira. Mfuniko uko wazi. Ukirudi nyuma hatua moja tu, basi, umekwisha."

"Inawezekana," alisema Lumb.

Lakini hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatazama mlango. Mlango mnene wa mti, umefunguliwa hadi mwisho, umebanwa ukutani kwa kulabu ya chuma.

"Huu mlango mmeufungua nyie?"

"Tumeukuta hivyo hivyo," alisema Hebden.

"Umetiwa kulabu?"

"Umetiwa kulabu." Hebden akautazama ule mlango. Akaonekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na ndiyo kwanza anakumbuka. "Siyo kawaida, lakini. Joto la mnara huu linatoka kwenye majungu ya kufulia, hapo ubavuni. Ukiacha mlango wazi, joto lote linakimbia, mipira inaoza. Ormerod alikuwa mkali kwa hilo. Alikuwa anaufunga nyuma yake hata akiingia kwa dakika moja."

"Kwa hiyo leo aliingia, akaufunga."

"Lazima."

"Na maiti haifungui mlango," alisema Lumb taratibu. "Haitii kulabu."

Sajini Varley akafunga mdomo wake.

Lumb alipanda mwenyewe. Ngazi mia na kitu, zinazunguka ndani ya ukuta wa matofali, mipira inaning'inia katikati mirefu na mikavu. Kule juu palikuwa na jukwaa, tundu, na kidirisha kimoja chembamba kinachotazama uani. Alipiga magoti, akapapasa mbao kwa kiganja. Chini ya kidirisha akaokota kitu kidogo.

Kibanio cha nguo. Cha mti. Bado kina unyevu.

Alikaa nacho mkononi muda. Mipira ya zimamoto haibanwi kwa vibanio.

Daktari wa polisi alikuwa amefika aliposhuka. "Shingo," alisema. "Kafa palepale, hakuteseka. Kabla ya saa tano, sina shaka. Lakini hebu tazama hapa." Kwenye kifungo cha mkono wa kulia wa koti la marehemu kulikuwa na nyuzi mbili tatu za sufu nyekundu, zimenasa. "Flaneli. Mwezi Machi nusu ya watoto wa mji huu wa Calderholm wanafungwa hii kifuani kwa kikohozi."

Lumb alizifunga nyuzi kwenye karatasi. "Mkuu, kengele ilipolia, wanaume waliobaki hapa ni wangapi?"

"Mmoja. Sugden, wa chumba cha zamu. Na chumba cha zamu hakiachwi hata nyumba ikiungua."

"Na wengine?"

"Wanawake," alisema Hebden. "Ni Jumatatu. Wanafua." Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Inspekta, kuna jambo. Jana Ormerod aliniambia leo saa sita ana neno la kunieleza. Neno zito. Nikamwambia liseme sasa, akasema hapana, anataka kuwa na hakika."

"Kuhusu nini?"

"Sijui. Jumamosi tulikuwa na moto mbaya kiwanda cha pamba. Sakafu ilishuka, kijana wangu Pym kavunjika mguu. Tangu siku ile Ormerod hakuwa sawa."

---

Chumba cha zamu kilikuwa mbele, pembeni ya banda la magari ya farasi, na dirisha lake linaona ua mzima. Jabez Sugden alikuwa amekaa mbele ya ubao wa vifungo vya shaba, mtu aliyekonda mwenye sharubu kubwa kuliko uso. Alikuwa amelia, na hakujali nani anajua.

"Ukibonyeza hiki," alisema, "kengele inalia nyumba zote ishirini na moja kwa mpigo. Juu ya kila kitanda. Miaka sita nimekaa hapa, afande. Sijawahi kuibonyeza bure."

Lumb alitazama nje. Ua wa mawe, mraba. Mbele, magari na mazizi ya farasi. Pande tatu zilizobaki, nyumba za wazimamoto, ghorofa tatu za matofali mekundu, na kila ghorofa ina baraza ndefu ya chuma mbele ya milango. Nyuma, kwenye kona, mnara, na nyumba ya kufulia imeuegemea. Ngazi zilikuwa pana, watu wawili kwa pamoja bila kugusana mabega. Milango yote ilifunguka kwa nje. Hakuna kizingiti hata kimoja.

"Limejengwa kwa ajili ya kukimbia," alisema.

"Eeh! Umeliona hilo?" Sugden alisahau machozi. "Aliyelichora hili jengo alikuwa anahesabu hatua, afande. Kitanda hadi mlangoni, hatua tatu. Nyumba zote. Sakafuni kuna alama ya rangi, mguu wa kitanda unakaa hapo na si pengine. Ukishtuka usingizini, huhitaji macho. Miguu yako inajua."

"Na milango ina kulabu ukutani."

"Hiyo ni kazi ya wake zetu. Kengele ikilia tu, mke anafungua mlango, anautia kulabu, mume apite. Na haufungwi mpaka arudi. Hata theluji ianguke ndani. Ukimfungia mlango mumeo akiwa motoni..." Sugden alitikisa kichwa. "Hakuna mwanamke hapa atakayethubutu. Mikono yao inafanya hata wakiwa na homa."

Lumb alitazama kona ya nyuma ya ua. Aliuona mlango wa mnara kichwani.

"Niambie leo saa nne na dakika kumi. Umeona nini uani?"

"Kama siku zote. Wanne walikuwa kwenye magari, wanasugua shaba. Wengine wakashuka ngazi mbio. Na bwana harusi alikuwa kwenye bomba la maji kule nyuma, anajaza ndoo."

"Bwana harusi?"

Sugden alicheka kidogo, cheko la huzuni. "Ephraim Holroyd, namba saba. Tunamtania. Kengele ikilia, watu wote wanatazama magari. Yeye lazima kwanza amtazame mkewe pale barazani. Miaka kumi ya ndoa, watoto wanne! Yule mkewe naye anapunga kitambaa, kama meli inaondoka bandarini. Tunamwambia, Holroyd, acha mahaba, mji unaungua. Yeye anajibu kwa sauti ile yake, maana huyu jamaa anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto."

"Tangu zamani?"

"Hapana. Tangu... Novemba hivi. Lile bwela la mvuke lililopasuka pale kiwanda cha rangi, yeye ndiye alikuwa karibu. Alilala wiki mbili. Amerudi, naona kama amempenda mkewe upya."

"Na leo?"

"Leo aliinua macho barazani, mke hayupo. Nikamwona kasimama tu na ndoo yake, kengele inamlilia juu ya kichwa. Nikasema, leo huyu vipi? Halafu akageuza shingo, akatazama juu, mnarani. Mara akaitupa ndoo, akakimbia."

Hapo Sugden alisikia alichosema. Rangi ikamtoka usoni.

"Afande, mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, bwana Sugden," alisema Lumb. "Umejibu tu."

---

Nyumba ya kufulia ilikuwa mvuke mtupu. Majungu mawili ya shaba yanachemka, magadi yanakata pua, na wanawake sita wamesimama kama waliokuwa wanaongea na wakaacha ghafla.

"Jamani, polisi kaja kufua," alisema mmoja, mama mnene, mikono mekundu hadi kwapani. Nell Crabtree, wa namba nne. Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakumaliza vizuri.

"Kengele ilipolia, nani alikuwa humu?"

"Sote."

"Sote nani?"

"Sote unaotuona, baba. Utuhesabu au tujihesabu?"

"Ukuta huu ndio wa mnara. Mtu kaanguka upande wa pili. Hamkusikia kishindo?"

"Kengele inalia, majungu yanatokota, farasi wanne wanatoka mbio juu ya mawe. Paa hili lingeshuka tusingesikia."

"Na Bi Holroyd?"

"Alikuwa pale kwenye mashine ya kukamua. Mimi nazungusha, yeye analisha nguo. Au siyo, jamani?"

Wote wakasema ndiyo. Wakasema haraka, kwa pamoja, kama watoto darasani.

Keziah Holroyd alikuwa nyuma kabisa. Mwanamke mwembamba, thelathini na kitu, nywele zimelowana jasho. Lumb aliitazama mikono ya wanawake wote, mmoja mmoja. Wote wamekunja nguo hadi juu ya kiwiko. Yeye peke yake amefunga vifungo vya mikono ya gauni, na mikono yenyewe imelowa chapachapa.

"Wenzako wamekunja, Bi Holroyd."

"Nasikia baridi, afande."

Jasho lilikuwa linamdondoka Lumb kwenye sharubu. Alitoa kile kibanio mfukoni, akakiweka taratibu kwenye ukingo wa beseni, kati ya vibanio vingine. Vyote ni ndugu.

"Ningependa kuona nyumba zenu," alisema.

"Njoo uone yangu," Nell alidakia, akajisogeza katikati ya Lumb na Keziah. "Nina chai, nina mkate, nina paka. Yake ina nini cha maana? Mtoto anaumwa kifua mle, usiende kumwamsha."

"Nitaanza na yako, mama."

Akaanza na yake kweli. Namba nne, vyumba viwili na jiko dogo. Kitanda kwenye alama ya rangi, kengele juu yake, imepigiliwa kwenye ukuta wa mbao unaotenga vyumba. Alisimama kando ya kitanda, akatembea kwenda mlangoni. Moja, mbili, tatu. Nell alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama daktari akimshika mgonjwa.

Wakapanda ghorofa moja, pamoja na Keziah na Sajini Varley. Namba saba.

Keziah aliufungua mlango mwenyewe. Mtoto wa kike wa miaka mitano alikuwa kwenye kiti karibu na moto, amelala, anapumua kwa kukoroma; ndugu zake watatu wako shule. Kifua chake kilifungwa kitambaa cha pamba nyeupe, chembamba. Nje, kwenye kamba ya barazani, flaneli nyekundu ilikuwa inakauka, imechanika pembe.

Lumb alisimama kando ya kitanda. Akatembea. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Akarudi kutazama. Alama ya rangi ilikuwa wazi sakafuni, haina mguu wa kitanda juu yake. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Mto ulikuwa mbali na kengele, na upande wa miguu umegusa ule ukuta wa mbao, chini kabisa ya kengele yenyewe. Pale miguu inapofika, rangi ya ukuta ilikuwa imefutika. Sehemu mbili, za duara, kila moja ukubwa wa wayo wa mwanaume.

Aliweka kiganja chake pale. Mbao nyembamba. Kengele ikilia, ukuta huu utatetemeka kama ngozi ya ngoma.

Alikaa na kiganja ukutani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hasikii kabisa?" aliuliza.

Nell Crabtree, pale mlangoni, alianza kulia.

"Tangu Novemba," alisema Keziah. "Sikio la kushoto lilikufa siku ileile. La kulia likamalizikia Krismasi."

"Na nyie wote mlijua."

"Wanawake tulijua," alisema Nell. "Wanaume hawajui kitu, hao wanajua farasi. Ungefanyaje wewe? Akionekana hafai kazi, nyumba si yake. Kanuni ni siku saba. Siku saba, na mtoto yule, Machi hii! Yule mwanamke wa namba kumi na mbili, mumewe alizikwa Jumanne, Jumatatu yuko nje na viti vyake kwenye mvua."

Lumb alizijua hizo siku saba. Alikuwa na miaka tisa, baba yake mlinzi wa geti la reli, na nyumba ilikuwa ya reli. Anakumbuka mama yake anasugua sakafu siku ya sita, sakafu ambayo kesho yake si yake. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakusema na leo.

"Bi Holroyd," alisema, "kunja mkono wa gauni lako."

Alifungua vifungo bila kubishana. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia hakukuwa na kitu. Juu yake, kwenye mkono wenyewe, alama nne za vidole vya mtu, zambarau, na ya tano upande wa pili.

"Ninakuonya," alisema Lumb, "utakachosema kitaandikwa."

"Kiandikwe."

Hatua nzito zilisikika barazani. Ephraim Holroyd aliingia, mrefu, masizi bado shingoni. Alimwona polisi, akamwona Nell analia, akatazama mdomo wa kila mtu kwa zamu, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"KUNA NINI?" alisema. Mtoto akashtuka kwenye kiti.

Keziah alimgeuzia mgongo. Akamtazama Lumb tu, na akaanza kusema kwa sauti ya chini, iliyonyooka.

"Nilimfuata mnarani kumwomba. Nilikuwa naanua flaneli ya mtoto, nikamwona anaingia, nikaenda nayo hivyo hivyo mkononi. Nilijua Jumamosi amegundua. Alimpigia Ephraim kelele, sakafu inashuka, Ephraim hakugeuka. Pym akaenda kumvuta, Pym kavunjika. Ormerod hakuwa mtu mbaya, afande. Usiandike kwamba alikuwa mbaya. Aliniambia, Keziah, safari ijayo utakuwa mguu wa nani? Itakuwa shingo ya nani? Nikamwomba wiki mbili tu, mpaka kifua cha mtoto kipoe. Akasema hawezi kubeba wiki mbili kwenye roho yake."

"Halafu kengele ikalia."

"Halafu kengele ikalia." Akaugusa ule mkono wenye alama. "Mimi niko juu kule. Siko barazani. Nikakimbilia kidirishani, namwona Ephraim chini pale, mgongo wake, anajaza ndoo. Watu wanakimbia. Nikainua flaneli nimpungie. Ormerod akanikamata mkono. Akasema, hapana, muache. Muache leo waone wenyewe, itakuwa rahisi kuliko mimi kusema. Akanishika. Kengele inalia, na Ephraim anageuka anatazama barazani, ananitafuta, mimi sipo. Ananitafuta, afande."

Kalamu ya Lumb ilikuwa imesimama.

"Nikamsukuma."

"Ulijua tundu liko wazi?"

Hapo angeweza kusema hapana. Chumba kizima kilimngoja aseme hapana. Nell alikuwa anatikisa kichwa kumwonyesha aseme hapana.

"Nilijua," alisema Keziah. "Nilikuwa nimelizunguka nilipoingia. Nilijua liko wapi. Nikamsukuma kuelekea huko. Kisha nikapunga, na Ephraim akaniona, akakimbia. Akawahi. Nikashuka. Sikumtazama. Nikatoka."

"Ukautia mlango kulabu."

Alimtazama kama haelewi. Kisha akautazama mkono wake wa kulia. "Niliutia kulabu?"

"Uliutia."

"Kengele ilikuwa bado inalia," alisema, polepole. "Sikumbuki. Mungu wangu. Sikumbuki kabisa."

"KEZ," alisema Ephraim nyuma yake. Sauti kubwa, imepasuka. "KEZ, GEUKA. SIONI UNACHOSEMA."

Hakugeuka mara moja. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alipogeuka, alimshika mumewe uso kwa mikono yote miwili, na akayasema yale yote upya. Bila sauti. Midomo tu. Lumb hakuyaandika hayo. Alitazama ukutani, zile alama mbili za nyayo, mpaka akasikia kitanda kikilia kwa uzito wa mwanaume mkubwa aliyekaa ghafla.

Akatoa pingu. Akamfunga Keziah mbele, si nyuma, na hakukaza.

Na hapo ndipo kengele ikalia.

Sajini Varley aliruka. Kule kwenye baraza milango ilianza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, kulabu zinagonga ukuta, ghorofa ya chini, ya kati, ya juu. Viatu vinashuka ngazi. Farasi wanakwaruza mawe. Keziah alikwenda mlangoni. Hakuna aliyemzuia. Akausukuma mlango wa namba saba hadi mwisho kwa mikono iliyofungwa, akautia kulabu.

Kisha akageuka kwa mumewe, akaanza kuinua mikono.

Ephraim alikuwa amekaa kitandani, kichwa chini, miguu haijagusa ukuta. Hajui kitu. Mji mzima unamwita na hajui kitu.

Keziah aliishusha mikono.

"Holroyd!" Hebden alikuwa anaita uani. "Holroyd!" Kisha magurudumu yakatoka, na ua ukabaki mtupu. Ephraim aliinua macho. Akaona mlango wazi, upepo unapeperusha flaneli, mkewe amesimama anamtazama. Akaelewa. Hakusimama.

Lumb alimshika Keziah kiwiko. Walishuka zile ngazi pana bega kwa bega, na kweli, mabega hayakugusana. Kila mlango waliopita ulikuwa wazi, na kwenye kila mlango mwanamke amesimama.

Nyuma yao, Nell Crabtree alimfunika mtoto kwa shali yake. Upepo ulikuwa mkali. Akaenda kufungua kulabu.

"ACHA," alisema Ephraim.

"Mtoto ana kifua, baba. Na wewe hukutoka. Uko hapa."

Alimtazama mdomo mpaka akamaliza.

"Mke wangu ametoka," alisema. Safari hii alisema chini, sauti ya kawaida, kama zamani alipokuwa anaisikia sauti yake mwenyewe.

Nell akauacha. Akamchukua mtoto, akampeleka namba nne kwenye moto.

Siku ya saba mkokoteni ulipokuja kuchukua viti na kitanda, mlango wa namba saba ulikuwa bado wazi, kulabu ukutani, maji ya mvua yameingia hadi kwenye alama ya rangi. Ephraim alitoka wa mwisho. Mkuu Hebden alikuwa barazani, kofia mkononi, anangoja ufunguo. Alipoupokea aliutazama, akautazama mlango, akautia ufunguo mfukoni.

Hakuufunga.